Jaribio la Kuleshov: uso mmoja, maana tatu

Miaka michache baada ya Mapinduzi ya Urusi ya 1917, Lev Kuleshov, aliyekuwa akifundisha filamu mjini Moscow, alichukua picha ya uso wa Ivan Mozzhukhin, nyota wa sinema tangu enzi za mfalme, akaiunganisha na sahani ya supu, kisha na maiti, kisha na kitu cha tatu: Pudovkin, mwanafunzi wa Kuleshov, alisimulia kuwa ni mtoto na mwanasesere wa dubu, wengine husema ni mwanamke. Watazamaji wakasifu uigizaji, wakidhani hisia zake zimebadilika kwa kila kitu, ilhali uso ulikuwa ule ule. Filamu hiyo haipo tena, lakini jaribio unaweza kulirudia kwa simu, standi na programu ya kuhariri inayokata fremu kwa fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video.

Uso ndio kazi kubwa. Mketishe mwigizaji kama mita 1.5 kutoka dirishani, mwanga umjie ubavuni, kamera iwe kwenye kimo cha macho yake. Rekodi fremu 25 kwa sekunde, na ufunge fokasi (ukali wa picha) na mwangaza visibadilike. Kwenye simu nyingi unashikilia kidole juu ya uso kwenye skrini. Usipofunga, mwangaza utapanda na kushuka wenyewe, na mtazamaji atadhani uso ndio uliobadilika. Bandika kikaratasi sentimita 20 hivi kulia kwa lenzi, chini yake kidogo, akitazame hicho. Akitazama lenzi, anamtazama mtazamaji. Akitazama mbali mno pembeni, hakuna atakayeamini anaiona supu.

Usimwambie jaribio linahusu nini. Ukimwambia awaze njaa, atabaki na njaa hata mbele ya maiti. Mwambie ahesabu kimoyomoyo 1 hadi 30, taya zikiwa zimelegea. Uso uliokakamaa nao hauna faida, kwa kuwa mtazamaji huona mtu aliyechoka kukaa, basi. Kazi hii si rahisi kama inavyosimuliwa: watafiti Stephen Prince na Wayne Hensley walipolirudia jaribio Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 1992, hawakuyapata yale ya Kuleshov.

Sasa vitu: bakuli la supu lifukalo mvuke, mtu aliyelazwa na kufunikwa shuka nyeupe, mtoto anayecheza. Vipige picha kutoka pale ambapo macho ya mwigizaji yangekuwa. Wengi hukosea mwanga hapa. Kama usoni ulitoka kulia kwa fremu, kwenye kitu lazima utoke kushoto, kwa sababu uso na kitu vinaelekeana na kamera imegeuka. Ukiuacha upande ule ule, mtu na supu wataonekana wako vyumba viwili.

Kwenye kompyuta, weka uso fremu 100, kitu fremu 75, uso tena fremu 125. Jumla sekunde 12. Nakili vipande vile vile viwili vya uso katika matoleo yote matatu, usiruhusu hata fremu moja kutofautiana. Kope zisipepese karibu na mkato, maana kupepesa mara tu baada ya kitu kuonekana husomeka kama jibu. Kata moja kwa moja, picha zisififie kuingiana. Geuza zote kuwa nyeusi na nyeupe, na uzime sauti kabisa.

Onyesha kila toleo kwa kundi lake, watu 10 au zaidi. Anayeona mawili huutambua uso, na jaribio limeharibika. Kundi la nne lipewe uso peke yake, upate cha kulinganishia. Uliza tu, “Mtu huyu anahisi nini?” Ukiuliza kama ana njaa, umeshawapa jibu.

Likifanikiwa, jaribu jaribio la pili la Kuleshov, la kufanya mahali tofauti paonekane pamoja: waigizaji Khokhlova na Obolensky walipigwa picha wakitembea mitaa tofauti ya Moscow, wakakutana, kisha wakatazama Ikulu ya Marekani iliyokatwa kutoka filamu nyingine. Chagua mitaa miwili isiyopakana. Anayetoka kulia kwa fremu aingie kushoto kwa inayofuata. Mwenzake afanye kinyume, la sivyo wataonekana wanafuatana badala ya kukutana. Kata picha pale macho ya anayetoka yanapovuka ukingo wa fremu, usisubiri mgongo wote utoke.