Pindua taa chini juu kabla hujalipa
Ukienda kununua taa ya sola au tochi ya kuchaji, usihangaike na mwanga kwanza. Dukani zote zinawaka. Ipindue uangalie imefungwaje. Ukiona skrubu za kawaida, za bisibisi ya nyota, hiyo inafunguka. Ukikuta mshono wa gundi pande zote, ujue siku betri ikichoka fundi atalazimika kuipasua, na ikishapasuka haifungiki vizuri tena. Maji ya mvua yatapata njia.

Kinachokufa mapema mara nyingi ni betri, wala si balbu za LED. Kwa hiyo muulize muuzaji ndani mna betri gani. Nyingi hutumia ya lithiamu iitwayo 18650, na jina lenyewe ni vipimo: upana milimita 18, urefu milimita 65. Hiyo huipati kwa kampuni moja tu. Ikiwa imekaa kwenye springi, kama betri za redio, utaibadilisha mwenyewe mezani. Ikiwa imechomelewa, mwachie fundi, maana lithiamu ikipata joto kali huwaka moto.

Mimi pia hupita kwa fundi kabla ya kwenda dukani. Anajua zipi zina vipuri na zipi zinarundikana chini ya meza yake.

Ufaransa, mwaka 2021, simu na televisheni zilianza kuuzwa zikiwa na alama kati ya 0 na 10 kuonyesha zinavyotengenezeka zikiharibika. Sisi tuna bisibisi.