Kuchora kidakio cha Mto Msimbazi kwa QGIS, programu ya ramani

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, hukatiza Dar es Salaam na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salender. Anayetaka kujua ni mvua ya wapi inayosababisha mafuriko Jangwani, bonde la mto huo mjini, hana budi kuchora kwanza kidakio, yaani eneo lote ambalo maji yake hukusanyika kupita mahali hapo.

Pakua data ya mwinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000. Pikseli yake, yaani kisanduku kimoja cha data, ni takriban mita 30 kwa 30, na kipande cha Dar es Salaam huitwa S07E039. Data hiyo huja katika nyuzi za latitudo na longitudo, kwa hiyo ibadilishe iwe UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kanda ya 37 Kusini (EPSG:32737), la sivyo hesabu ya mteremko itachanganya mita za kimo na nyuzi za umbali. Kata eneo pana kuliko unalolihitaji.

Endesha r.watershed, zana ya GRASS (programu nyingine ya ramani inayotumika ndani ya QGIS) inayokokotoa maji yanakoelekea; haihitaji mashimo ya data yazibwe kwanza. Kwa kizingiti, yaani ukubwa wa chini wa kila bonde dogo, weka pikseli 1,000, sawa na hekta 90 hivi. Ukikuta namba hasi kwenye tabaka la mlimbikizo wa maji (hesabu ya pikseli zinazomwaga maji mahali hapo) ndani ya bonde lako, jua kwamba huenda maji yanaingia kutoka nje ya eneo ulilokata, lipanue.

Hapa nawasihi msiharakishe. Rada ilipima mapaa ya nyumba na vilele vya mikoko, si ardhi tupu, na tuta la barabara huonekana kama bwawa. Weka mito iliyochorwa na zana hiyo juu ya picha ya setilaiti. Inapoacha mkondo halisi, chora mkondo huo kwa mkono, ushushe mita 10 katika kikokotoo cha rasta, kisha urudie hesabu.

Sasa tumia r.water.outlet, zana ya kuchora kidakio chenyewe, kwenye tabaka la mwelekeo wa maji lililotolewa na r.watershed, ukibofya pikseli ya mto yenyewe pale Barabara ya Morogoro inapovuka Jangwani. Ukikosea kwa pikseli moja tu, utapata kipande kidogo cha ukingoni badala ya bonde zima. Geuza matokeo yawe poligoni, yaani umbo lenye mpaka, kisha fuata mpaka wake hadi Pugu juu ya mistari ya kontua (inayounganisha sehemu za kimo kimoja): unapaswa kupita mgongoni mwa kilima, si ubavuni.