Kumlisha mpinzani malkia wako ili ufunge mfalme wake

Hapa stejini kwetu Busia tumekulia kwenye drafti ya vizibo vya soda, na kwenye drafti yetu kula ni lazima. Tukihamia chesi tunakuja na akili ileile. Jumapili moja nilimwekea kijana malkia mdomoni, nikaegemea boda yangu nikingoja ale. Hakula. Alimtazama malkia, akanitazama mimi, akasogeza ngome yake kimyakimya. Soda nililipa mimi.

Katika chesi hakuna anayelazimika kula, ila mfalme akipigwa shaha, yaani akitishiwa kuliwa, lazima aokolewe. Kwa hiyo chambo cha kuaminika ni kile kinachoingia na shaha. Panga ubao tuone: herufi a hadi h ni safu kutoka kushoto kwa Nyeupe, namba 1 hadi 8 zinaanzia upande wake.

Nyeusi: mfalme g8, ngome f8, malkia b2, askari g7 na h7. Nyeupe: mfalme g1, malkia a4, farasi g5, askari g2 na h2. Zamu ni ya Nyeupe, na akiichezea ovyo anafungwa: malkia mweusi anashuka b1 na habari imekwisha.

Hatua ya 1. Malkia c4, shaha. Ngome ikijikinga f7, malkia aile, shaha tena. Mfalme akikimbilia h8, malkia apande f8, mati, yaani mfalme kafungwa. Kwa hiyo mfalme aende h8 mapema.

Hatua ya 2. Farasi f7, shaha. Ngome ikimla, malkia anaruka c8. Ngome irudi f8, iliwe, mati. Mfalme arudi g8.

Hatua ya 3. Farasi h6. Hapa tulia, maana ndipo utamu ulipo: farasi anampiga mfalme, na kwa kuondoka f7 amemfungulia malkia njia, naye anampiga. Shaha mbili kwa mkupuo. Mfalme hana pa kwenda ila h8.

Hatua ya 4. Malkia g8! Mfalme hawezi kumla, farasi wa h6 anamlinda. Ngome inalazimika kula, na ikishakula imeziba mlango wa mfalme wake mwenyewe.

Hatua ya 5. Farasi f7, mati. Mfalme amebanwa na watu wake kama abiria wa kiti cha nyuma kwenye matatu. Mhispania Lucena aliichapisha mbinu hii mwaka 1497, na stejini bado inaua watu.

Maswali ya wanachama

Jinja: Mwalimu, hatua ya 3, kwa nini askari wa g7 asimle farasi?

Jibu: Akimla, malkia wa c4 bado anampiga mfalme. Shaha mbili hazizuiliki kwa kula kete moja. Lazima mfalme mwenyewe ahame.

Tororo: Mzee, mbona nimeona mtu akiacha malkia bila shaha yoyote, akashinda?

Jibu: Bila shaka ni mtego wa Légal, yule Mfaransa. Askari e4, e5; farasi f3, c6; askofu c4, askari d6; farasi c3, askofu g4; askari h3, askofu h5. Sasa farasi wa f3 anakula e5. Mweusi akishikwa na uchu akala malkia d1, askofu anakula f7, shaha, mfalme e7, farasi d5, mati. Lakini mwenye akili anamla farasi kwa farasi wa c6. Hapo malkia wako anakula askofu wa h5, naye anakula askofu wako wa c4. Malkia b5, shaha, kisha unamla yule farasi. Umebaki mbele kwa askari mmoja. Ona, hata asipomgusa malkia hukupoteza kitu. Mimi siku ile sikuwa na hesabu hiyo, nilikuwa na maringo tu.

Mbale: Kaka, binti yangu wa miaka minane anataka kuwa kama Phiona Mutesi, yule mchezaji chesi wa Katwe, Kampala. Nimwanzishie hii?

Jibu: Bado. Mfundishe kwanza kufunga mfalme kwa ngome mbili, kisha kwa ngome moja. Hii ya farasi mpe siku atakapokuuliza mwenyewe kwa nini mfalme hakutoka.