Mtoto wa mbwa akifa ghafla, anzia kwenye mzoga

Nazalisha German Shepherd, na wenzangu katika kazi hii hunipigia simu asubuhi: mtoto alikula vizuri jana, alicheza, leo kakutwa amekufa, hana hata jeraha. Swali lao la kwanza huwa lilelile: tupime jeni gani? Nami huwauliza: mzoga uko wapi?

Mzoga ndio shahidi, na huharibika kila saa inayopita. Uweke kwenye friji, nyuzi 4 hivi. Usiugandishe, maana barafu hupasua seli na misuli ya moyo haisomeki tena vizuri kwa hadubini. Mwambie daktari wa mifugo kwamba unataka moyo upasuliwe na vipande vyake viende maabara ya patholojia, vikiwa ndani ya fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10 yenye ujazo mara kumi ya nyama. Omba pia kipande cha wengu kigandishwe kando kwa ajili ya DNA, na damu ya wazazi wote wawili itunzwe. Leo huenda hakuna kipimo cha jeni. Kikija kesho, sampuli unayo.

Ripoti ikija, tazama umri kabla ya kulaumu nasaba. Watoto wa chini ya wiki 8 wakifa kwa mfululizo katika uzao mmoja, uliza kuhusu virusi vya parvo. Virusi hivyo, vilivyoenea duniani kuanzia 1978, vikimpata mtoto tumboni au siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, huvamia misuli ya moyo. Huo ni ugonjwa wa kuambukiza. Cha kukagua ni kama mama alichanjwa, si damu ya baba.

Mwanapatholojia akikuta pete ya nyama ngumu chini ya vali ya aota, hiyo ni njia ya damu iliyobanwa, maarufu kwa mbwa aina ya Newfoundland na Golden Retriever. Mvumo wake, yaani sauti ya damu ikipita kwa shida ambayo daktari huisikia kifuani, huweza kuongezeka kadiri mtoto anavyokua, kwa hiyo cheti cha afya cha wiki 8 hakitoshi. Ndugu zake wasikilizwe tena wakikomaa, na wafanyiwe ultrasaundi ya moyo.

Matokeo yanayowachanganya watu zaidi ni haya: moyo hauna kasoro. Wengi hufunga faili hapo, ilhali kwa mbwa wangu ndipo kazi inapoanza. Mwaka 1994 N. Sydney Moïse na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walieleza German Shepherd wachanga wanaokufa kwa mapigo yaliyovurugika, mara nyingi wakiwa wamelala au wametulia, na moyo ukipasuliwa unaonekana mzima. Kosa liko kwenye umeme unaoendesha mapigo ya moyo, na umeme hauonekani kwa kisu. Basi wavalishe ndugu waliobaki mashine ya Holter, inayorekodi mapigo ya moyo mfululizo, kwa saa 24, usiku ukiwemo. Kipimo cha dakika chache kliniki, mtoto akiwa ametoa macho kwa woga, hukosa mengi.

Kisha nasaba. Andika kila mtoto aliyezaliwa, wale waliokufa wakinyonya nao wamo. Wafugaji hawapendi kusema (simlaumu mtu, biashara ni biashara), kwa hiyo usiulize, "Mbwa wako wana ugonjwa wa moyo?" Uliza, "Wangapi wa uzao ule walifikisha mwaka?" Hapo hesabu hujitokeza yenyewe. Kumbuka kwamba jeni fiche huhitaji wazazi wote wawili kuibeba, na kwa wastani mmoja kati ya wanne ndiye huugua. Uzao wa watoto watano unaweza kupita salama kabisa na wazazi wakaitwa safi.

Jeni ndiyo hatua ya mwisho. Ingia OMIA, hifadhidata ya mtandaoni ya magonjwa ya kurithi ya wanyama iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Sydney, utafute ugonjwa pamoja na aina ya mbwa wako. Kipimo kilichothibitishwa kwa aina moja hakihamii nyingine hivihivi. Hata kikiwepo, kisome kwa tahadhari: badiliko la jeni ya striatini, linalohusishwa na ugonjwa wa misuli ya moyo, lililotangazwa kwa mbwa aina ya Boxer mwaka 2010 hubebwa pia na mbwa wasiougua maisha yao yote.

Wakati unasubiri majibu, wazazi wale usiwapandishe tena, na waliochukua ndugu za mtoto aliyekufa wapigie simu leo.