Mti wa kumbukumbu ya baba: upande nini, lini, na nani ataumwagilia

Kama baba alikuwa mtu wa porini, wa kupanda milima, kuchunga au kurina asali, wanawe mara nyingi huamua kumpandia mti. Ni uamuzi mzuri, ila miti mingi ya namna hii hukauka kabla ya mwaka kuisha, kwa sababu hupandwa kwa kufuata siku za msiba wala si msimu wa mvua.

Arobaini ikiangukia Julai, msipande Julai. Tumieni siku hiyo, ndugu wakiwa wamekusanyika, kuchagua mahali na kupiga kigingi. Muulizeni mama na baba wadogo: je, eneo hilo litabaki mikononi mwa familia mirathi ikishagawanywa? Shamba linalogombewa si mahali pa kuweka kumbukumbu. Mche usubiri mvua. Pwani, kaskazini mwa Tanzania na sehemu kubwa ya Kenya, panda masika yakishakolea, au Novemba wakati wa vuli. Dodoma na Iringa, kwenye msimu mmoja tu wa mvua, panda kati ya Desemba na katikati ya Januari. Chimba kidogo kwanza. Kama unyevu haujafika kina cha kiwiko, manyunyu hayo yatakudanganya.

Mti uchaguliwe kwa mahali, kisha kwa mapenzi ya marehemu. Nyanda za chini zenye joto, mkwaju hauna mpinzani: unastahimili ukame, unaishi zaidi ya miaka mia, na kivuli chake ni kizito. Milimani, kama Uchagani, panda mringaringa. Hukua upesi na maua yake meupe huvuta nyuki. Mkuyu hupendwa na ndege, ila mizizi yake hupasua kuta, kwa hiyo uwe mbali na nyumba na kisima. Mninga una jambo la kumstua asiyeujua: miaka ya mwanzo, kichipukizi chake hukauka kila kiangazi na kuchipua tena kutoka kwenye mzizi. Watu huung'oa wakidhani umekufa. Kama nyumbani hakuna mwenye subira hiyo, achaneni nao.

Kama kuna mkwaju ambao mzee alizoea kupumzika chini yake, otesheni mbegu zake badala ya kununua mche. Chukueni maganda yaliyoiva, osheni ukwaju wote utoke, loweka mbegu usiku kucha, kisha fukia moja moja kwenye viriba (mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche), kina cha sentimita moja na nusu. Otesheni kumi hata kama mnahitaji mti mmoja. Baada ya miezi minne hadi sita miche iko tayari. Ikikaa sana kwenye kiriba, mzizi mkuu hujikunja chini kama springi ya saa.

Shimo liwe sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu, ule mweusi, weka upande wake. Wa chini weka upande mwingine. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Chana kiriba chote kwa wembe na ukitoe. Ukikiacha, mizizi itazunguka humo humo na mti utakuja kuangushwa na upepo miaka baadaye. Ncha ya mzizi iliyojikunja ikate. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki usawa uleule iliokuwa nao kwenye kiriba, kisha shindilia kwa kisigino, taratibu. Zungushia tuta dogo la duara la kushika maji na utandaze majani makavu, ukiacha upana wa kiganja kati yake na shina, maana mchwa hupitia hapo.

Wengine hutaka kufukia vitu vya marehemu shimoni. Kofia ya pamba haina neno, itaoza. Buti za raba au panga lenye mpini wa plastiki huziba njia ya mizizi, vitundikeni ndani ya nyumba. Jina lake liandikwe kwenye jiwe au nguzo ya zege pembeni ya mti. Kibao cha msumari hujeruhi shina, na waya uliofungwa hulinyonga kadiri linavyonenepa.

Mti mkubwa usikaribie kaburi lililosakafiwa kwa chini ya mita tano au sita. Kwa Waislamu wanaokusudia sadaka jariya (ambayo thawabu zake huendelea kumfikia marehemu), mwembe au mnazi unafaa kuliko mti wa kivuli tu, na wapita njia waruhusiwe kula.

Kazi kubwa ni kiangazi cha kwanza: ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, jioni, ikimwagwa polepole ndani ya tuta. Kiangazi cha pili, mara moja kwa wiki. Kazi hii apewe mtu anayelala hapo hapo, hata kama ni kwa malipo, wala si mtoto aliye mjini anayeahidi kuja kila mwezi. Kabla ya kuondoka siku ya kupanda, jengeni uzio wa miti na miiba hadi kifuani, kwa sababu mbuzi mmoja anatosha kumaliza kazi yote kwa dakika chache. Miche iliyobaki itunzeni kivulini hadi mvua zinazofuata. Mti wa kwanza ukishindwa, mwingine wa mbegu zilezile unaingia shimo lilelile.