Kabla Hujalegeza Nati ya Kwanza

Ni Jumapili saa kumi jioni. Gari liko juu ya jeki, bolti moja imekatikia ndani, maduka ya spea yamefungwa, na kesho asubuhi watoto wanatakiwa shule. Mambo yakifika hapo, mara nyingi si kwamba kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Mwenye gari alifungua kabla hajajua atafungaje. Ndiyo maana maandalizi ninayoyasema hapa hayaanzi na spana. Yanaanza na swali moja: nikikwama katikati, gari hili litaondokaje hapa?

Kama huna jibu, kazi hiyo isubiri. Kama jibu ni fundi unayemfahamu ambaye atakuja na boda akipigiwa simu, muulize mapema kama siku hiyo yupo. Kama gari ni hilo moja tu nyumbani, anza Jumamosi asubuhi, wakati maduka yako wazi na una siku nzima ya pili ya kujirekebisha. Huku kwetu Kampala, karibu na ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, mwaka mzima, na giza huingia bila kubisha hodi. Umeme nao unajulikana. Usipange kumalizia kazi ya breki kwa tochi ya simu.

Halafu chagua kazi inayolingana nawe. Kubadilisha oili na filta, filta ya hewa, plagi, betri, balbu, na baadaye pedi za breki za mbele: hizo ndizo kazi za kujifunzia, na hata ukiishia hapo utakuwa umeokoa fedha na kulifahamu gari lako. Zipo nyingine ambazo mimi ningemwachia mwenye vifaa. Springi ya shokapu ikiwa imebanwa ina nguvu ya kuvunja taya, na huwezi kuifungua salama bila vibanio vyake maalumu. Nyaya za rangi ya machungwa kwenye Prius na haibridi nyingine zina umeme wa kuua. Mkanda wa taiming wa Subaru zenye injini za EJ unafungika nyumbani, ni kweli, lakini ukikosea alama, katika nyingi ya injini hizo vali hugongana na pistoni na ule ufundi wa bure unageuka kuwa kununua injini.

Sasa lijue gari lenyewe, nami sisemi jina lililoandikwa nyuma ya buti. Ukisema "nina Premio" bado hujasema kitu. Fungua boneti utafute kile kibati chenye namba ya chesisi na aina ya injini. Premio za kuanzia mwisho wa 2001 hadi 2007 zina angalau sura tatu: NZT240 ina injini ya lita 1.5, ZZT240 ya 1.8, na AZT240 ina ile ya lita 2 ya D4, inayomimina petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa sana. Kwa nje ni ndugu watatu. Ndani, filta, plagi na sensa hazifanani, na mfumo wa mafuta wa hiyo D4 si wa kufunguliwa na mtu anayejifunza. Piga picha kibati hicho, iweke kwenye simu, na usiifute.

Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na hilo lina madhara yake. Kitabu cha gari, kama hakikutupwa bandarini, ni cha Kijapani. Kile kidude kidogo cha kusomea makosa ya injini kinachounganishwa na simu huenda kisizungumze kabisa na gari la miaka ya mwanzo ya 2000, ingawa tundu lake linaingia sawasawa, kwa sababu Wajapani walikuwa na lugha yao ya kompyuta kabla ya kufuata ile ya Wamarekani na Wazungu. Jaribu kabla ya kulipia. (Wenye magari hayo wanaijua pia ile sauti ya dada wa Kijapani inayosikika kila ukiwasha gari. Kwa kawaida anakukumbusha kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za kwao. Mwache tu, si hitilafu.)

Ukishajua unachotaka, nenda kwa wauza spea wa Kisekka, pale jirani na Nakivubo, au Ndeeba, ukiwa na mambo matatu: picha ya kibati, kifaa cha zamani mkononi kama kinatoka, na subira. Muuzaji mzuri utamtambua kwa maswali yake. Ukimwambia unataka pedi za Premio, atakuuliza, "Premio gani, bosi? Leta chesisi." Huyo kaa naye. Anayekujibu "Itaingia tu, kaka" bila hata kutazama simu yako, mshukuru uendelee mbele. Fungua boksi palepale, linganisha na cha zamani tundu kwa tundu, na mkubaliane mbele ya mwenzake kwamba kisipoingia utakirudisha kikiwa safi, bila grisi.

Kuhusu mtumba wa Japani, watu wana imani nao kuliko kipya chenye boksi linalong'aa, na kwa vitu vingine wako sahihi. Taa, kioo cha pembeni, bampa, alteneta, mota ya dirisha: chukua kilichotumika, kijaribiwe mbele yako. Lakini pedi, mipira ya breki, mikanda na boli jointi usinunue zilizotumika, hata zikiwa na herufi za Kijapani kila upande. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa rafuni, na boli jointi haitakuambia imebakiza kilomita ngapi.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Kwa Toyota, soketi za namba 10, 12, 14, 17, 19 na 21 zitakufikisha mbali. Bolti ya kumwagia oili mara nyingi hufunguliwa kwa 14 na nati za matairi kwa 21. Nunua namba 10 mbili, kwa sababu moja itapotea. Ongeza mpini mrefu wa kulegezea, dawa ya kulainisha kutu, brashi ya waya, glavu, beseni la oili, na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia, ukiweza. Hiyo ya mwisho watu huiona ya anasa. Nati za tairi za Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa nyutoni mita 103, yaani sawa na kilo 21 zikining'inia mwishoni mwa mpini wa nusu mita. Fundi anayeruka juu ya spana kwa miguu miwili anaweka nguvu mara kadhaa ya hiyo, na wewe ndiye utakayehangaika kuilegeza nati hiyo usiku ukipata pancha njiani kwenda Mityana.

Jambo la kunyanyua gari linataka nafasi yake, kwa sababu hapo ndipo mtu hufa. Jeki ni ya kunyanyulia. Si ya kushikilia. Inayoshikilia ni stendi ya chuma, moja kila upande, iliyoandikwa uzito inaobeba. Mafundi wa Katwe wana mikono ya ajabu, watakuchomelea kifaa cha kung'olea beringi au ngazi ya kupandishia gari kwa mchoro ulioufanya kwenye karatasi ya sigara, lakini kitu ambacho nitalala chini yake nataka kiwe kimepimwa, si kukisiwa. Matofali usiyafikirie kabisa: tofali la kuchoma halitoi onyo, linapasuka mara moja. Udongo wetu mwekundu nao una hila. Kiangazi ni mgumu kama saruji. Mvua za Machi hadi Mei au za Septemba hadi Novemba zikishanyesha, mguu wa stendi unazama polepole upande mmoja huku wewe umelala chali ukitazama ekzosi. Weka ubao mnene au bamba la chuma chini ya kila stendi. Zuia kwa gogo au mawe matairi yanayobaki chini, mbele na nyuma, kwa sababu hendibreki ya magari mengi inashika magurudumu ya nyuma tu, na ukinyanyua nyuma huna tena hendibreki. Legeza nati za tairi robo mzunguko gari likiwa bado chini. Likishakaa kwenye stendi, lisukume kwa nguvu ubavuni. Likitikisika, heri litikisike wewe ukiwa umesimama. Kisha tairi ulilolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari. Likianguka, litakutana na tairi kwanza. Na mwambie mtu aliye nyumbani: niko chini ya gari, usiposikia sauti yangu uje uangalie.

Moto na sumu vinafuata. Kunyonya petroli kwa mpira ni tabia ya kawaida vijiweni, na tone likiingia mapafuni huleta maradhi mabaya. Pampu ya mkono ni bei ndogo. Kuosha vyuma na mikono kwa petroli nako kuachwe, sabuni ya unga na mafuta ya kupikia hutoa grisi vizuri. Betri hufunguliwa waya hasi kwanza na kufungwa hasi mwisho. Ukigusa karibu na usukani au dashibodi zenye mifuko ya hewa, zima gari, toa hasi, subiri angalau sekunde 90 kama Toyota wanavyoagiza. Kifuniko cha rejeta usikiguse injini ikiwa moto.

Hapohapo kwenye rejeta nina ugomvi na mafundi wetu. Gari likichemka, wengi hutoa tamostati, ile vali ya maji ya kupoozea injini, na kuitupa, wakisema ni ya nchi za baridi. Si kweli. Kazi yake ni kuifanya injini ifikie joto lake haraka na kubaki hapo. Bila hiyo injini hukaa baridi, hula petroli na kulika upesi. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka kabla ya nyuzi 100, na kinachoyazuia kuchemka ndani ya gari ni presha ya kifuniko kizima pamoja na kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta. Kwa hiyo kagua kifuniko, feni na rejeta iliyoziba kabla hujatoa kitu ambacho kiwanda kilikiweka kwa sababu.

Ukipanga nyumba, zungumza na mwenye nyumba kwanza. Doa la oili kwenye peva zake litakugharimu zaidi ya ulichookoa. Oili chafu iweke kwenye jerikeni, uipeleke gereji inayokusanya. Usiimwage mtaroni. Mitaro mingi ya katikati ya jiji inaishia mfereji wa Nakivubo, mfereji unaishia ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria, na Ggaba wanavuta maji ya bomba kutoka ghuba hiyohiyo.

Kuna wale ambao matengenezo hayawatoshi, wanataka kulibadilisha gari. Sawa, lakini kila badiliko lina mkia wake. Taa mbili za ziada za wati 55 huvuta zaidi ya ampea 9. Ukizichomeka kwenye swichi ya taa za kawaida bila rilei (swichi inayobeba umeme mkubwa) na fyuzi yake, waya ndio utakaokuwa fyuzi. Ukitoa tairi za 195/65R15 ukavalisha 205/65R15, gari litaenda asilimia 2 hivi zaidi ya mshale unavyosema, na huenda likakwaruza usukani ukikatwa mwisho. Kulishusha chini kwa matuta ya Kampala ni ujasiri nisioutamani. Kulipandisha kwa ajili ya barabara za murram kuna maana, ila angalia kama mipira ya breki bado inafika bila kuvutika, kisha pima alaimenti. Na anayekushauri ukate kataliti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, ili gari "lipumue", muulize kwanza kile kipande atakipeleka wapi. Ndani yake kuna platinamu na paladi, na ana mnunuzi tayari.

Rangi na namba ya injini zimeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo ukivibadilisha, karatasi zibadilike pia. Injini isiyo na stakabadhi ya muuzaji usiifunge. Mwenye bima kubwa asome masharti yake juu ya mabadiliko kabla, si baada ya ajali.

Wakati wa kufungua, piga picha kila hatua. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kifuniko unachokitoa, na uchomeke kila bolti mahali pake kwenye mchoro, kwa sababu bolti za kifuniko kimoja hazilingani urefu, na ndefu ikikazwa kwenye tundu fupi hupasua alumini. Anza kila bolti kwa vidole. Ikigoma, irudishe, spana isiamue ubishi huo.

Kabla ya kuwasha, hesabu zana zote zilizotoka kwenye boksi. Kama uligusa breki, kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu, maana pistoni ulizozirudisha nyuma hazitakushikia kwenye mkanyago wa kwanza. Washa, tazama chini kama kuna tone, zima, pima oili tena. Zunguka mtaani mwako polepole, peke yako, kabla ya kupakia mtu. Na ukishatembea kilomita 50 hadi 100, kaza nati za matairi upya.