Rimu za Subaru kwenye Premio: pima kabla ya kutoa pesa

Ukishika barabara ya Jomo Kenyatta hapa Mombasa kutoka Mwembe Tayari kuelekea Makupa, utaona rimu zimetundikwa nje ya maduka ya spea kama ng'onda. Mtajie muuzaji gari lako, jibu ni lilelile: "Yaingia hiyo, mzee wangu, usiwe na wasiwasi." Na kweli yaingia. Tatizo ni kwamba rimu inaweza kuingia kwenye stadi zote tano (zile bolti za gari zinazofungwa nati), nati zikakaza, na bado isiwe ya gari lako.

Mimi naendesha teksi, Toyota Premio 240. Abiria wangu wengi ni wa uwanja wa ndege wa Moi na hoteli za Nyali na Bamburi. Gari lilikuja na rimu za chuma za inchi 15, tairi 195/65R15, na zile kofia za plastiki ambazo kila tuta lataka kuzing'oa. Nilitaka rimu za aloi ila si kwa kubahatisha, nikaishia kwenye rimu za Subaru Impreza za inchi 16. Nitaeleza vipimo kwa mpangilio ule ule niliopima mwenyewe. Kikishindwa cha kwanza, usipoteze muda na vinavyofuata.

Matundu ya nati

Hapa mna vipimo viwili: idadi ya matundu, na kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu yote. Kipimo hicho cha pili ndicho mafundi huita PCD. Premio na Allion ni 5x100, yaani matundu matano kwenye duara la milimita 100. Axio na Fielder nyingi za 1.5 ni 4x100, sawa na Honda Fit. Mark X ni 5x114.3. Impreza za kawaida, na Legacy na Forester za miaka ya nyuma, ni 5x100, ndiyo maana wenye Premio hukimbilia huko. Golf ya nne nayo ni 5x100, lakini kuanzia ya tano Volkswagen walihamia 5x112, ambako Mercedes nyingi ziko.

Rimu ya matundu manne waipima kutoka tundu moja hadi linalolitazama. Ya matano haina matundu yanayotazamana, kwa hivyo pima mawili yaliyo jirani: ukingo wa kushoto wa moja hadi ukingo wa kushoto wa lingine. Ukipata karibu milimita 58.8, hiyo ni 100. Ukipata 65.8 ni 112, na 67.2 ni 114.3. Hizo mbili za mwisho zakaribiana mno, tepu ya fundi cherehani haiwezi kuzitenganisha. Azima vernia, kile kipimo cha chuma cha mafundi kinachosoma sehemu za milimita. Na mtu akikwambia matundu yatapanuliwa kwa drili yakae sawa, mshukuru, uende zako.

Tundu la katikati

Hapa ndipo Toyota na Subaru huachana. Habu, yaani kile kitovu cha gari ambacho rimu hukalia, kwenye Premio ni milimita 54.1, na tundu la kati la rimu ya Subaru ni 56.1. Rimu yapita vizuri kabisa, lakini wabaki mwanya wa milimita moja kuzunguka habu. Gurudumu halijakalia kitu, linategemea nati pekee liwe katikati, na nati zikikazwa ovyo linakaa upande kidogo. Humu mjini kwenye foleni ya Buxton hutahisi lolote. Ngoja ufike barabara ya Dongo Kundu, mshale ugonge 90, usukani uanze kutetemeka mikononi. Hapo watu hurudi kwa balansi mara tatu bila faida, kwa sababu mashine ya balansi hushika rimu kwa koni yake yenyewe. Juu ya mashine gurudumu liko sawa. Kasoro iko pale linapokutana na habu yako.

Dawa yake ni ringi ya habu: nje 56.1, ndani 54.1. Zipo za plastiki ngumu na za alumini. Ukizikosa madukani, fundi anayekereza chuma atakutengenezea za alumini, lakini mpe rimu na vipimo vya habu, usimpe maneno. Kwa sisi wa pwani mimi napendelea plastiki. Hewa yetu ina chumvi. Alumini ikikutana na chuma cha habu hung'ang'ania, na siku ya pancha utakuwa ukipiga tairi mateke kando ya barabara ili litoke. Ukitumia alumini, paka habu grisi nyembamba sana. Stadi zisiguswe na grisi.

Kinyume chake hakifanyi kazi: rimu ya Toyota haipiti kwenye habu ya Subaru.

Nati

Stadi za Toyota ni M12x1.5, yaani unene wa milimita 12 na uzi wenye hatua ya milimita 1.5. Za Subaru ni M12x1.25. Muuzaji akikupa kwa ukarimu nati zilizokuja na rimu, zirudishe. Zitaanza kuingia kidogo kisha zitakuwa ngumu, na kijana mwenye mashine ya upepo hatausikia ugumu huo. Atakata uzi wa stadi zako zote huku akipiga gumzo.

Angalia pia nati inavyokaa. Rimu za Subaru zataka nati ya koni, yaani iliyochongoka upande unaogusa rimu, digrii 60. Nati za rimu za chuma za Toyota ni za koni, ndiyo maana zangu za zamani zilitumika zilezile. Lakini kama gari lako lilikuja na rimu za aloi za Toyota, huenda nati zake ni zile za shingo ndefu na washa bapa. Hizo hazishiki kwenye koni. Za Honda za kiwandani huwa na kichwa cha mviringo, nazo hazifai.

Ofseti, ambayo hakuna anayeiuliza

Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaogusa habu. Huandikwa ET au namba tupu, nyuma ya rimu, mara nyingi karibu na upana: 16x6 1/2 JJ, 48, yaani kipenyo inchi 16, upana inchi 6.5, ofseti 48. Namba ikipanda, gurudumu laingia ndani zaidi kuelekea shoku. Ikishuka, latokeza nje kuelekea madigadi.

Chukua kalamu. Tuseme rimu ya zamani ni upana wa inchi 6, ET45. Nusu ya upana ni milimita 76.2. Ongeza 45 upate ukingo wa ndani: 121.2. Toa 45 upate wa nje: 31.2. Sasa rimu ya Impreza, 6.5 na ET48: ndani 130.6, nje 34.6. Yaani imeingia ndani milimita 9 na kutoka nje 3. Hiyo Premio yaimudu.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa rimu ya Subaru ya inchi 17, upana 7, ET55, ambayo ndiyo nzuri kwa macho na ndiyo kila muuzaji hukusukumia. Ndani ni 143.9. Imesogea kwenye shoku kwa karibu milimita 23, na hapo tairi bado hujaliweka. Shika tochi, ingiza mkono kati ya tairi lako la sasa na shoku, upime nafasi iliyopo. Kisha kuna wale wa ET35 na upana 7, rimu za maonyesho: ndani ni kama hakuna kilichobadilika, lakini nje zimetoka milimita 23, na siku ukibeba watu wanne na masanduku, madigadi ya nyuma yatanyoa tairi.

Namba ikiwa imefutika, laza rimu kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya kingo za nyuma, upime kutoka ubao hadi uso wa habu. Toa nusu ya upana wa rimu yote, ukingo hadi ukingo. Rimu ya 6.5 ina upana wa nje wa karibu milimita 190. Nusu ni 95. Kama umepima 143, basi ofseti ni 48.

Tairi

Lengo ni kipenyo cha gurudumu zima kisibadilike zaidi ya asilimia 3, na kadiri kinavyokaribia cha zamani ndivyo bora, maana mshale wa kasi na odomita vyategemea hapo. Kwenye 195/65R15, 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ukuta kwa asilimia ya upana huo, na 15 ni inchi za rimu; jumla kipenyo ni milimita 634.5. Kwenye rimu ya 16, 205/55R16 ni 631.9, karibu sawa kabisa. 205/60R16 ni 652.4, imefika ukingoni, nisingeiweka. Kwenye 17, 215/45R17 ni 625.3.

Kipenyo cha 215/45R17 hakina neno, lakini soma namba ya mzigo inayofuata saizi. 195/65R15 huwa na 91, yaani kilo 615 kwa kila tairi. 215/45R17 ya kawaida huwa 87, kilo 545. Umepunguza kilo 70 kwa kila pembe ya gari. Teksi haiwezi kukubali hilo. Tafuta lenye 91 XL (XL ni tairi lililoimarishwa kubeba mzigo zaidi), au baki 16 kama mimi. Na ukuta wa tairi wa milimita 97 si wa kuvukia feri ya Likoni maji yakiwa yamekupwa, rampu imeinama, na gari la nyuma lakupigia honi. Tairi la 205/55 lina ukuta wa milimita 113. Tofauti ni ndogo kwa kusema, lakini mashimo ya baada ya mvua za Mei huijua.

Kwa tairi la mtumba, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ule msimbo ulioandikwa ukutani mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua letu hukausha mpira hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado ni ndefu. Ukikunja ukuta kwa kidole gumba ukaona nyufa nyembamba, acha.

Jaribu rimu tupu kwanza

Mwambie muuzaji hutalipa mpaka ufunge rimu moja mbele, bila tairi. Akikataa, maduka ni mengi. Funga na ringi yake, kaza nati kwa mkono, zungusha. Kati ya rimu na kalipa (kile kinachobana diski ya breki) pasipungue milimita 3, na uangalie hata risasi za balansi, vile vizito vidogo vinavyobandikwa kwenye rimu, za upande wa ndani zitapita wapi. Ndipo utie tairi. Shusha gari, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, kisha waketishe vijana watatu nyuma na upite juu ya tuta polepole ukisikiliza.

Kufunga kwenyewe ni kazi fupi. Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka kutu itoke. Anza nati zote kwa mkono, kaza kwa kuruka moja moja kama unavyochora nyota, na umalize gari likiwa chini, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, Nm 103. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Presha anzia kwenye ile ya kibandiko cha mlangoni. Balansi ni lazima. Alaimenti fanya kama usukani wavuta upande, usifanye kwa sababu tu umebadilisha rimu.

Spea yangu ni ile rimu ya chuma ya 15 na tairi lake la zamani. Kipenyo chakaribiana na cha 16, na nati ni zilezile, kwa hivyo yafunga bila shida. Wewe mwenye nati za shingo ndefu, weka tano za koni kwenye mfuko pamoja na jeki kama spea yako ni ya chuma. Na ukifunga nati za kufuli, ambazo Mombasa hii nakushauri, ufunguo wake ukae mfuko huohuo, usiachwe nyumbani kabatini.